Dawa ya Korona: Mnunuzi Huja Amechelewa

Mauzo ya Paxlovid yanastahili kusomwa na kila anayenunua dawa kwa jumla. Mwaka 2022 kampuni ya Pfizer ya Marekani iliuza dawa hiyo ya korona kwa dola bilioni 18.9. Mwaka 2023 mauzo yalianguka hadi dola bilioni 1.28, baada ya kukatwa thamani ya dozi zilizorudishwa na serikali ya Marekani. Bei ilikwenda kinyume. Serikali hiyo ilikubali kulipa kama dola 530 kwa dozi kamili mwaka 2021; mwishoni mwa 2023 bei iliyotangazwa kwa soko la kawaida la huko ikawa dola 1,390.

Wengi hulaumu ulafi wa kampuni. Safu hii inaona kosa kubwa lilikuwa la wanunuzi, na lilianza 2003.

Tutazame bidhaa yenyewe. Virusi vya korona vikiingia katika seli hutengeneza protini zikiwa zimeungana kama jora moja la kitambaa. Hazifanyi kazi mpaka zikatwe vipande, na mkasi mkuu ni kimeng'enya kiitwacho proteasi kuu. Mkasi ukizuiwa, virusi havizaliani. Kwa mtengenezaji wa dawa hii ni shabaha nzuri, kwa sababu mwili wa binadamu hauna mkasi unaokata kwa namna hiyo. Tena haubadiliki upesi kama ile miiba ya nje ya virusi inayolengwa na chanjo. Remdesivir na molnupiravir hulenga kimeng'enya kingine, kile kinachonakili chembe za urithi za virusi. Remdesivir ilitoka 2020 kwa dola 2,340 kwa siku tano, nayo huhitaji kupitishwa mshipani, jambo gumu kwa zahanati ya kijijini.

Mkasi huo haukugunduliwa jana. Ugonjwa wa SARS uliua watu 774 mwaka 2002 na 2003, na umbo la mkasi wa virusi vyake lilichapishwa 2003 hiyo hiyo. Pfizer ilianza kutafuta cha kuuzuia. Ugonjwa ukatoweka, mnunuzi akatoweka nao, kazi ikafungiwa kabatini. Virusi vya 2019 vilipokuja, mkasi wake ulifanana na ule wa SARS kwa asilimia 96. Kabati likafunguliwa, na kazi ya zamani ikasaidia kupata nirmatrelvir, kiungo kikuu cha Paxlovid. Marekani iliiruhusu Desemba 2021, wakati vifo vilivyoandikishwa duniani vilikwisha kupita milioni 5.

Kwa upande wetu, leseni ya Novemba 2021 iliruhusu viwanda vingine kuuza dawa hiyo katika nchi 95, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo. Mwaka 2022 yakatangazwa mapatano ya bei isiyozidi dola 25. Bei ni nzuri, na kiungo cha pili, ritonavir, ni mwenyeji wa siku nyingi katika kliniki zetu za UKIMWI. Lakini shehena ya bei hiyo ilipatikana wateja wakiwa wamekwisha kutawanyika.

Wapo watakaosema serikali maskini haiwezi kulipia ugonjwa ambao haujafika. Mwaka 2009 wafadhili waliahidi dola bilioni 1.5 kununua chanjo ya nimonia, ili viwanda viwe na hakika ya soko, na Kenya ilianza kuitumia 2011. Ahadi ya namna hiyo, hata ndogo, ingefaa kwa dawa ya mkasi wa korona. Virusi vya MERS, vilivyotambuliwa Saudia 2012, vimeua zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa walioandikishwa, na ngamia wa Kenya na Somalia wamekutwa na kingamwili zake katika damu. MERS haina dawa iliyoidhinishwa. Mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki wangeanza na huyo ngamia.