Hadi samaki waelee?

Leo nina dukuduku.

Juzi nilikuwa Mwigobero hapa Musoma nikitafuta sato. Mama muuzaji akaniambia, "Mwanangu, mfunue mashavu uone." Nikafunua, mekundu kabisa. Nikalipa. Njiani nikajiuliza: hivi wekundu ule unanihakikishia nini zaidi ya kwamba samaki amevuliwa leo?

Mnakumbuka Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya Profesa Samwel Manyele ikasema kinyesi na mkojo wa mifugo vilimaliza oksijeni majini. Mitandaoni watu walicheka hadi machozi, wakauliza ng'ombe wameanza lini kukojoa. Sisi waandishi tukawa na habari za kuuza. Lakini samaki aliyeelea hakuna anayemla. Mimi naogopa yule anayeogelea bado.

Kuna kitu kinaitwa chembe za nano. Nanomita moja ni sehemu ya bilioni moja ya mita, na chembe hizi kwa kawaida hazizidi nanomita 100. Unywele wako una upana wa maelfu ya nanomita. Baadhi ya viwanda huweka chembe za fedha (ile ya pete, siyo ya mfukoni, ambayo sina) kwenye soksi na nguo za michezo ili ziue bakteria, zisinuke. Ukifua, nyingine hutoka na povu. Povu linamwagwa mtaroni, mvua ikinyesha mtaro unaelekea ziwani.

Maabara za nje zimeonyesha kwamba fedha hii huingilia kazi ya mashavu ya samaki ya kunyonya chumvi anazohitaji, na huharibu viinitete ndani ya mayai. Samaki hafi palepale. Anadhoofika, anazaa vibaya, na wewe wa Bunda unashangaa mbona nyavu zinarudi tupu. Sisemi hiyo ndiyo sababu ya nyavu tupu, uvuvi haramu tunaujua. Nasema hatujauliza.

Na plastiki je? Mwaka 2016 watafiti akiwemo Mtanzania Fares Biginagwa walichapisha utafiti wa sangara na sato walionunuliwa soko la Mwanza. Mmoja kati ya watano alithibitishwa kuwa na vipande vya plastiki tumboni. Vipande hivyo vinazidi kumeguka hadi vifikie unano. Mifuko tuliipiga marufuku Juni 2019, ila iliyokwishazama haikusikia tangazo.

Mtaniambia Butiama kuna zebaki ya wachimbaji wadogo wa Buhemba, tumalize hiyo kwanza. Sawa, lakini zebaki tunaijua kwa jina, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuihusu. Chembe za nano mwagizaji wa soksi halazimiki hata kukuambia zimo. Aandike kwenye pakiti! Na TAFIRI wapewe fungu la kupima samaki wazima, siyo kusubiri waliokufa.

Mimi sato wangu nilimla, na ugali wa muhogo. Nyie mnasemaje?