Gede Haikupotea

Kila Desemba, Wanairobi wakishuka Watamu na Malindi, simu yangu hujaa Gede. Mtu amesimama kwenye mlango wa tao, mizizi ya mti imekumbatia ukuta nyuma yake, na maneno ni yale yale: jiji lililopotea, mji wa mizimu, ati hakuna anayejua nani alijenga wala walienda wapi.

Wacheni, tafadhali. Waliojenga wanajulikana. Ni Waswahili. Waliishi pale karne kadhaa, hadi ya 17. Walizungushia mji kuta mbili, wakachimba visima, wakajenga misikiti na nyumba za mawe zenye vyoo ndani, wakapakulia chakula kwenye vyombo kutoka Uchina. Kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Watu wanaoandika tarehe kaburini hawakutaka kuwa fumbo la mtu.

Kwa nini walihama? Wataalamu wanabishana: maji ya visima kushuka, vita, Wareno kuvuruga biashara. Sawa. Hata kwenu kijijini kuna boma lililohamwa na hamjaliita la ajabu.

Mimi chuo sikumaliza, lakini kusoma sikuacha. James Kirkman alianza kuchimbua Gede mwaka wa 1948, na kitabu chake cha 1954 kikauita, pale pale kwenye jalada, mji wa Waarabu. Hilo si jambo dogo. Ukishasema mawe ni ya wageni, mtu wa Pwani anageuka mgeni kwao. Na haikuwa maneno tu. Sheria ya ardhi ya 1908 ilitaka kila mwenye shamba Pwani alete madai yake, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Mpaka leo kuna familia Kilifi zinaitwa maskwota juu ya makaburi ya mababu zao. Halafu sisi tunakuja na miwani ya jua kuuliza, "Kwani nani aliishi hapa?"

Kitu kingine hakipigwi picha. Ukuta wa ndani ulikuwa wa wenye pesa: jumba la mfalme, msikiti mkuu, nyumba za mawe. Nje yake watu wengi waliishi kwenye nyumba za udongo na makuti, ambazo zilishaoza zamani. Mtu anayelipa kodi Pipeline ataelewa mpango huo bila kuelezwa.

Mwaka wa 2024 UNESCO iliiweka Gede kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, kwa hivyo picha zitazidi. Nendeni, sijakataa. Lipeni kiingilio, mchukue mwongozaji, mmuulize nyumba za udongo zilikuwa upande gani. Akianza hadithi za mizimu, kwa vile amezoea ndizo tunazolipia, mwambieni hamna haraka, awaonyeshe visima kwanza.