Daktari anabonyeza kishikwambi, mzazi unanuna

Jirani yangu alirudi kutoka zahanati Jumatatu akiwa amefura. Mwanawe wa mwaka mmoja na nusu alikuwa na homa na kikohozi tangu Jumamosi.

“Dada, yule daktari hata usoni hakuniangalia. Yeye na kishikwambi chake tu! Kanihoji kama polisi, mwishoni kanipa parasetamoli.”

Njiani alipitia duka la dawa akanunua amoksilini ya maji kwa fedha yake. Chupa ilikuwa mezani, unga wake bado haujachanganywa maji.

Nikamuuliza alihojiwa nini. Mtoto ananyonya? Anatapika kila anachokula? Amepata degedege? Kisha akafunuliwa shati, pumzi zikahesabiwa dakika nzima, akabanwa kidude kidoleni cha kupima oksijeni, akatobolewa kidole kupima malaria. Hana malaria.

“Na wakubwa zake waliwahi kufanyiwa yote hayo?” 

Akacheka. Wale walikuwa wanapewa dakika tatu na chupa ya dawa.

Mzazi mwenzangu, maswali yale hayakutungwa na mashine. Yanatoka kwenye mwongozo wa kutibu watoto chini ya miaka mitano ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF miaka ya 1990, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia. Tatizo ni kwamba mwongozo ulikuwa kitabu. Foleni ikifika mlangoni, nani atafunua kitabu? Hatua zinarukwa, na kwa usalama wake mhudumu anaandika antibayotiki. Programu ya kwenye kishikwambi inamkumbusha hatua kwa hatua, kisha inapendekeza ugonjwa na dawa. Uamuzi unabaki kwake. Akiona tofauti na programu anaweza kuikatalia.

Je, inafaa? Programu moja ya aina hii, ePOCT+, ilijaribiwa katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro, na Taasisi ya Afya Ifakara ilikuwa miongoni mwa waliofanya utafiti. Kwenye vituo vya kawaida, watoto wagonjwa 70 hivi katika kila 100 waliandikiwa antibayotiki. Kwenye vituo vyenye programu, 23 tu. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba siku ya saba, watoto ambao hawajapona wala kupata nafuu walikuwa karibu sawa pande zote mbili, chini ya wanne katika kila 100. Maana yake chupa nyingi tunazobeba nyumbani hazimsaidii mtoto. Zinawafundisha vijidudu kuizoea dawa, na siku mtoto akipata nimonia ya kweli, dawa inaweza kugoma.

Jirani akanyamaza kidogo. Halafu akasema kwa sauti ya chini: “Ila aliniuliza kama nimempa dawa yoyote. Nikasema hapana.”

Kumbe Jumapili alimpa vijiko viwili vya dawa iliyobaki ya dada yake mtoto, tangu mwezi wa pili. (Dawa ile ikishachanganywa maji haikai zaidi ya wiki moja au mbili, hata kwenye friji.) Aliogopa kugombezwa.

Hapo ndipo nilipokasirika mimi. Kishikwambi hakimwoni mtoto. Kinajua kile tu mhudumu anachokiingiza, na mhudumu anajua kile unachomwambia. Ukificha dawa ya jana, umempotosha yeye na programu yake kwa pamoja. Hata pumzi: mtoto akihesabiwa huku analia, namba inapanda. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Kwa wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Omba ahesabiwe ametulia. Si utovu wa adabu.

Lakini na wahudumu nao wasikie: jirani yangu hakukosea kununa. Mtu aliyebeba mtoto anayechemka anastahili kuangaliwa na kuambiwa, “Mama, hiki kinanisaidia nisisahau kitu.” Sentensi moja tu.

Nilimsindikiza kesho yake. Akasema ukweli, daktari akarekebisha taarifa, akamhesabu mtoto akiwa usingizini: pumzi 34. Antibayotiki hakuna. Akaambiwa homa ikiendelea siku mbili arudi, na arudi saa hiyohiyo, hata usiku, mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, au kifua kikibonyea anapovuta pumzi. Safari hii alimwangalia usoni.

Alhamisi mtoto alikuwa anakimbiza kuku wangu. Chupa ya amoksilini bado imefungwa. Nilimwambia airudishe dukani. Anasema wale hawarudishi fedha.