Hekaya za Ajabu si Porojo

Imekuwa ada katika mikutano ya wazazi, katika vibaraza vya maduka na hata katika vyumba vya walimu, kusikia kauli moja ikitamkwa kwa yakini ya mtu asiyetazamia kupingwa: kwamba hadithi za majini, za nchi zinazoelea hewani, za wanyama wasemao na wafalme wasiopata kuwako duniani, ni burudani ya watoto wadogo, na kwamba kijana aliyekwisha baleghe akionekana bado ameziinamia, basi huyo anaukimbia ukweli wa maisha na kuipoteza saa ambayo angaliitumia kujifunza ufugaji wa kuku au siri za biashara. Nimeisikia kauli hii hapa Kikwe, nimeisikia Usa River, na nimeisikia jijini Arusha katika vinywa vya watu wenye shahada. Na kwa kuwa wanaoisema ni watu wema, wanaowatakia heri watoto wao, inastahili kujibiwa kwa insafu. Lakini ijibiwe kwa nguvu pia, maana ni kauli isiyo na kweli ndani yake, na madhara yake si haba.

Binti mmoja wa hapa kwetu, aliyemaliza kidato cha nne akabaki nyumbani kumsaidia mama yake kuuza nyanya na vitunguu gengeni, alikuwa na nakala ya *Adili na Nduguze* iliyokwisha kupoteza jalada lake, naye akaivika karatasi ya kalenda ya zamani na kuishona mgongoni kwa uzi mweusi ili kurasa zisitawanyike. Mzee mmoja mwenye heshima zake alisimama kununua, akaitikia shikamoo yake, akakichukua kile kitabu, akakipekua, akakirudisha juu ya mafungu ya nyanya. "Mwanangu," akamwambia, "haya ya watu kugeuka manyani yatakufaa nini? Umri wako ni wa kusoma mambo ya kweli." Binti akainamisha kichwa, akampimia mzee vitunguu vyake, asijibu neno, kwa sababu adabu ilimzuia. Mimi adabu hainizuii kujibu, maadamu mzee yule na mimi tu marika.

Katika kitabu kile, ambacho Shaaban Robert alikitoa mwaka 1952, Adili ni liwali wa mji wa Janibu, na nduguze wawili, Hasidi na Mwivu, ambao alikuwa amewatendea hisani tupu, walimtosa baharini kwa kijicho cha mali na mapenzi. Ndipo jini aitwaye Huria akawageuza manyani, na Adili akatwikwa amri nzito ya kuwapiga kila usiku, asipate ruhusa ya kuwaonea huruma. Usiku unapoingia liwali huchukua mjeledi akawachapa wale manyani wawili, kisha huuweka mjeledi chini, huwakumbatia, huwalisha, na kulia pamoja nao. Mzee aliyeuliza faida ya kisa hiki amekaa mara nyingi katika vikao vya ukoo, akisikiliza ndugu wa tumbo moja wakishitakiana kwa ajili ya mpaka wa kihamba au hatua chache za shamba alizoacha baba yao. Ameona mkubwa akimnyima mdogo, na mdogo akimwombea mkubwa mauti kwa maneno ya hadharani. Na anajua, kuliko nijuavyo mimi, kwamba jambo lililo gumu kabisa katika vikao hivyo si kumjua mkosaji, maana mkosaji hujulikana mapema, bali ni namna ya kumwadhibu mtu ambaye kesho mtamzika pamoja au atawazika. Kumbukumbu za baraza la ardhi hazina mahali pa kuandika hilo. Shaaban Robert alilipatia mahali: mjeledi katika mkono mmoja na sahani ya chakula katika mkono wa pili. Kama hayo si mambo ya kweli, sijui mzee alikuwa akitaka mambo gani.

Wapo wanaosema, baada ya kushindwa katika hoja hiyo, kwamba hata hivyo hekaya hizi si zetu, ni za Waarabu na Wazungu, na kwamba kuzisimulia upya ni kuvaa nguo ya kuazima. Ni kweli kwamba kisa cha Adili kimetoka katika Alfu Lela Ulela, ambamo liwali ni wa Basra na nduguze wamegeuzwa mbwa. Shaaban Robert akawafanya nyani, akawapa wahusika majina yanayotaja tabia zao, akaujenga ulimwengu mwingine kabisa na kuumaliza kwa msamaha. Lakini fasihi gani duniani haikuanza hivyo? Edward Steere alipochapisha London, mwaka 1870, hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, kilikuwamo ndani yake kisa cha kima na papa waliofanya urafiki, hata papa akataka kumpeleka kima kwao ili moyo wake uwe dawa ya sultani. Kisa hicho katika Bara Hindi kilikuwa cha kima na mamba. Waarabu, katika Kalila na Dimna, wakakifanya cha kima na kobe. Kilipofika pwani yetu, watu waliojua bahari iliyo mbele yao wakaona mwenye kustahili kazi hiyo ni papa. Msimuliaji wa Unguja hakumwomba mtu radhi, wala hakuwa na haja ya kuomba. Na katika zama zetu, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Nishani ya Nobeli mwaka 2021, ameitunga upya habari ya Yusufu, kijana anayetolewa na baba yake kwa tajiri ili kulipa deni, katika riwaya ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri na ambayo tangu mwaka 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*. Habari ya Yusufu imo katika Biblia na katika Kurani. Nani atathubutu kumwambia Gurnah kwamba si yake?

Lakini hoja kubwa niliyo nayo imo katika ardhi hii hii ninayoikanyaga, na ningewaomba jamaa zangu wa Meru waitafakari.

Mwaka 1951 Shaaban Robert huyo huyo alitoa *Kusadikika*, hekaya ya nchi inayoelea hewani. Mtu mmoja jina lake Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Naye, badala ya kujitetea kwa kukana, anawasimulia waheshimiwa wa baraza habari za wajumbe sita waliopata kutumwa na nchi hiyo mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, ili kutafuta yatakayowafaa wenzao, na jinsi kila mmoja, aliporudi amechoka na amejaa maarifa, alivyotiwa gerezani na wale wale aliokwenda kuwatumikia. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, serikali ya Mwingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ikachoma nyumba zao, ili mashamba hayo wapewe walowezi wa Kizungu. Wakaambiwa wahamie King'ori, nao wakakataa. Wakachanga fedha zao, wengine kwa kuuza mifugo, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda kuwasemea. Na mwaka 1952, akiwa pamoja na mwanasheria Earle Seaton, akasimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa, akaeleza habari ya nyumba zilizochomwa kwa watu ambao wengi wao hawakupata kulisikia jina la mlima Meru. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi yao. Mjumbe alirudi na maarifa tu, kwamba dhuluma ile ilikuwa na jina katika sheria na kwamba Mwingereza alikuwa na mtu wa kumwuliza. Na maarifa hayo yalikuja kuwafaa wengi zaidi ya Wameru.

Sisemi kwamba Shaaban Robert aliwawazia Wameru alipokuwa akiandika. Kitabu kilikwisha kutungwa kabla nyumba hazijawaka moto. Nasema jambo zito kuliko hilo. Mtu huyu alikuwa karani katika serikali ya kikoloni, aliyeanzia forodhani mwaka 1926, akala mshahara wa dola ambayo dhuluma zake alikuwa akiziona kila siku mezani pake. Lau angaliandika waraka wa kusema kwamba Tanganyika inatawaliwa na watu wanaoogopa raia wajuao sheria, na kwamba kila anayetoka kutafuta haki ya wenziwe hulipwa kifungo, sidhani kama angalipata mtu wa kuuchapa, na kazi yake isingalifika jioni. Akaipandisha nchi nzima hewani. Akawapa watawala wake majina ambayo hakuna ofisa wa wilaya angeweza kuyakubali kuwa ni yake bila kujifedhehesha. Na kitabu kikapita, kikasomwa, kinasomwa mpaka leo. Wanaosema kwamba hekaya ya ajabu ni kuukimbia ukweli wana wajibu wa kueleza ni kwa sababu gani, katika mwaka ule mmoja, habari ya wajumbe na mahakama dhalimu ilipatikana kamili katika nchi inayoelea.

Ipo hoja ya dini nayo, ambayo katika upande wetu huu wa makanisa mengi ina nguvu, kwamba vitabu vya majini na uchawi huipotosha roho ya kijana. Siidharau, maana mzazi ana haki ya kuchunga anachokisoma mwanawe. Lakini namwomba mzazi huyo afungue kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, amwone Yothamu, aliyenusurika peke yake nduguze walipouawa na Abimeleki, akisimama juu ya mlima Gerizimu na kuwapigia kelele watu wa Shekemu. Hakuwahutubia kwa takwimu za mauaji. Aliwasimulia miti iliyokwenda kutafuta mfalme: mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, hata utawala ukauangukia mti wa miiba. Miti inayosema na kukataa ufalme imo ndani ya Maandiko Matakatifu, katika kinywa cha mtu aliyekuwa hatarini mwa kifo na asiyekuwa na wasaa wa porojo.

Na wale wanaodhani kwamba mwandishi hukimbilia maajabu kwa kushindwa kuyaelezea maisha kama yalivyo, wamtazame Euphrase Kezilahabi. *Rosa Mistika*, ya mwaka 1971, na *Dunia Uwanja wa Fujo*, ya mwaka 1975, ni riwaya za maisha yenyewe, za mabinti wa shule na vijiji vya Ujamaa, zilizoandikwa kwa ujasiri uliowaudhi wengi. Aliyeandika hizo hakuwa na upungufu wa macho. Walakini alipotaka kuuliza maswali makubwa kuliko yale, juu ya ukweli wenyewe na mwanzo wa mambo, akaandika *Nagona* na *Mzingile*, ambamo muda haufuati kalenda na msomaji hutembea kama katika ndoto. Said Ahmed Mohamed naye alimfufua babu kutoka kaburini ili amsute mjukuu aliyelewa madaraka, katika *Babu Alipofufuka*. William Mkufya akaandika vita vya mbinguni na kuzimu katika *Ziraili na Zirani*. Hakuna hata kimoja katika hivi ambacho mtoto wa darasa la nne angekimaliza. Ni vitabu vya watu wazima, tena watu wazima wasioogopa kufikiri.

Nitasema na juu ya vile vinavyoitwa vitabu vya maana, ambavyo vijana wetu wanahimizwa wavinunue badala ya hekaya. Nimevisoma vingi, vile vya namna ya kutajirika, vya kubadili fikra na kupata mamilioni. Humo hakuna jini, ni kweli, lakini mna mtu aliyeamka asubuhi, akaamua, akafanikiwa. Hana deni la pembejeo, hana mama mgonjwa, mvua kwake hazikosi, mnunuzi hamlalii bei. Mtu huyo hajapata kuishi Kikwe. Kijana anayemsadiki, kisha akashindwa, huambiwa na kitabu chenyewe kwamba ameshindwa kwa kuwa hakutaka kwa moyo, naye hubaki na aibu isiyo yake. Msomaji wa Alfu Lela Ulela haongopewi hivyo. Anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba yumo katika nchi isiyokuwako, na kwa sababu hiyo akili yake hukaa macho, ikipima kila tendo: huyu kafanya haki, huyu kadhulumu, mimi ningefanya nini? Kati ya wasomaji hawa wawili, anayeukimbia ukweli ni yule wa kwanza, na waliompa kitabu ni sisi.

Shule zetu za kata zina rafu chache, na fedha ya kuzijaza ni haba; kwa hiyo ombi langu kwa kamati za shule za Kikwe na za kata jirani ni dogo. Zinunue nakala za *Kusadikika* zinazotosha darasa moja la kidato cha tatu, na mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa historia wapatane kwamba wiki ile Karama anaposomwa akiwa kizimbani, habari ya Engare Nanyuki nayo ifundishwe. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1951, waliobebwa migongoni moshi ukiwa nyuma yao, hawajaisha wote. Mmoja aalikwe darasani, apewe kiti, asomewe sura ya mjumbe wa kwanza kwa sauti, kisha wanafunzi waachwe wamwulize wanachotaka.