Koleo Si Krimpa, Msee

Wasee, tusidanganyane. Hapa Kakamega wengi wetu tukiunga waya, tunabana terminali na koleo, tunazungusha tepu nyeusi, kazi imeisha. Nilifanya hivyo kwa betri ya sola ninayorekodia video. Usiku mmoja terminali ikayeyuka, hatua moja tu kutoka kwa godoro la mdogo wangu.

Usiseme "si ni volti 12 tu?" Wati 120 kwa volti 12 ni ampea 10, kwa stima ya volti 240 ni nusu ampea tu. Kiungo kikilegea hapo, joto linapanda.

Nunua krimpa inayolingana na terminali zako. Zile za plastiki: nyekundu ni ya waya wa milimita mraba 0.5 hadi 1.5, bluu 1.5 hadi 2.5, njano 4 hadi 6. Chukua ile ya racheti, haifunguki mpaka ibane kabisa. Kisha vuta waya. Ikichomoka, afadhali ichomoke sahii.

Chuo niliacha, lakini hili somo nimelipita. Kama huna doo, changeni watatu mnunue moja. Koleo iachie misumari.