Kodi ya urithi isiguse shamba la Kathonzweni

Kenya ilifuta kodi ya mirathi mwaka 1982, na tangu hapo mrithi wa maghorofa ya Nairobi hadaiwi kodi kwa kuyapokea, ilhali mama anayenunua sabuni sokoni Kathonzweni, Ukambani, hulipishwa VAT ya asilimia 16 ndani ya bei. Serikali iliyotaka kutoza VAT hata mkate mwaka 2024, kisha ikarudi nyuma baada ya vijana kuandamana, haiwezi kudai imemaliza vyanzo vyote vya mapato kabla ya kurejesha kodi ya urithi.

Wapinzani wa kodi hiyo husema mkulima wa ndengu ana ekari lakini hana pesa mkononi, hivyo atalazimika kuuza shamba ili ailipe. Ni kweli, tena Ukambani hati nyingi zingali na jina la babu, maana gharama za kesi ya mirathi pekee huwashinda warithi. Basi kiwango cha msamaha kiwekwe juu kabisa, mashamba ya namna hiyo yabaki nje. Kikwazo kizito zaidi ni kwamba matajiri wanaweza kuhamishia mali kwenye amana za familia, ambazo Sheria ya Fedha ya 2021 ilizipa nafuu. Bunge lizibe kwanza mwanya huo.