Shukrani Bila Hesabu Haitoshi

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wakenya wameithibitisha methali hii tangu mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya Harambee kuwa mwito wa taifa. Shule na zahanati nyingi zilijengwa kwa senti za wakulima, na kwa kuku na mbuzi walionadiwa uwanjani.

Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba kamati nyingi humkumbuka mfadhili siku ya mchango tu. Fedha zikishahesabiwa na ngoma kunyamaza, hasikii neno tena mpaka aletewe kadi nyingine. Akikataa, huitwa bahili. Je, kosa ni lake?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Twazihimiza kamati zimjulishe kila aliyetoa, awe wa elfu au wa shilingi kumi: zilipatikana ngapi, zimenunua nini, zimebaki ngapi. Siku hizi michango mingi hupitia katika simu. Basi shukrani na hesabu nazo zipitie huko huko. Ukuta ukisimama, aalikwe auone. Mradi ukikwama, aambiwe mapema, asije akasikia sokoni.

Mtoaji hachoki kutoa akijua alichotoa kimekwenda wapi.